Adapta ya WiFi ya 12,000 kwenye Linux: nyota mbili, na moja ni ya muuzaji

Jibu fupi kwa mwenye haraka: kama kompyuta yako ina Windows na ruta iko chumba hicho hicho, nunua tu, utapata intaneti. Kama unatumia Linux, ule mfumo huria unaokaa mahali pa Windows, mwambie muuzaji aifungue mbele yako uichomeke kwanza. Akikataa, iache mezani kwake. Haya mengine nayaandika kwa ajili ya wanaoniuliza dukani, karibu kila wiki, kwa nini watu wa Linux hawaweki draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kukiendesha kifaa) za vidude vya namna hii wakati vimejaa kila duka la simu kuanzia stendi mpaka Mbuyuni.

Nina steshenari hapa Moshi, upande wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Kopi, kuprinti, kubaindi ripoti za fildi, picha za pasipoti; na ukifika msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, foleni ya vijana waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti na mzazi anayeuliza kama mtandao upo. Kompyuta za wateja ni Dell OptiPlex 790 za mtumba, zile zilizotolewa maofisini Ulaya, Core i3 ya kizazi cha pili, RAM GB 4. Windows 11 haizitaki. Microsoft wanataka Intel ya kuanzia kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na Windows 10 waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Nikaweka Linux Mint zote, aina ya Linux inayofanana na Windows kwa sura. Wanafunzi hata hawaulizi. Wanaona Firefox, wanaona LibreOffice, wanalalamika kidogo kwamba fonti zimehama, wanalipa, wanaondoka.

Shida ni kwamba hizi OptiPlex hazina WiFi, zina tundu la waya peke yake, na mwenye nyumba wangu hataki kusikia habari za kutoboa ukuta. Nilishamwomba. Aliniuliza kama nina mpango wa kumjengea mwingine. Basi tukaingia kwenye adapta za USB.

Boksi ni la bluu, lina picha ya dunia iliyozungukwa na miale, na maneno makubwa "300Mbps". Pembeni kuna nembo ya Windows, ya Mac, na yule pengwini wa Linux amekaa kwa raha zake. Jina la kampuni hakuna. Anwani hakuna. Mahali pa modeli pameandikwa "802.11n", ambayo ni namba ya kiwango cha WiFi chenyewe, kwa hiyo haikuambii chochote kuhusu kilichomo. Ndani mna kidude chenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba, CD ndogo, na karatasi ya maelekezo yenye Kichina kingi na Kiingereza cha kubahatisha.

Duka silitaji kwa sababu lawama yangu iko kwa bidhaa. Liko mtaa unaotoka stendi kuelekea soko kuu, na huduma yao naipenda: mwenye duka hana haraka na mteja, risiti ya EFD anatoa bila kuombwa. Alianzia 15,000. Nikamwambia, "Mangi, mimi sijaja kupanda mlima, nipe bei ya Moshi." Akacheka, akashuka hadi 12,000, kisha akanijaribu.

"Dada, chukua mbili kwa 24,000."

"Hiyo si bei ile ile?"

"Ndiyo, ila unaondoka na mbili."

Nikaondoka na mbili. Boksi moja, rafu moja, bei moja.

Ya kwanza niliichomeka kwenye mashine yenye Mint 22, ambayo inakuja na kerneli 6.8 (kerneli ndiyo kiini cha Linux, na draiva hukaa humo). Ikakubali pale pale: orodha ya mitandao ikatokea, nikaweka nywila, kazi ikaisha. Nikafungua terminali nikaandika lsusb, amri inayoorodhesha vilivyochomekwa USB, nione ni nani huyu. Namba ikasoma 0bda:f179. Hiyo 0bda ni ya kampuni ya Realtek, na f179 ni chipu yao iitwayo RTL8188FTV. Draiva yake ndani ya Linux inaitwa rtl8xxxu, na iliijua chipu hii kuanzia kerneli 6.2, iliyotoka mwaka 2023. Hadi hapo nilikuwa tayari kuipa nyota nne.

Ya pili nikaichomeka kwenye mashine hiyo hiyo, tundu hilo hilo. Mtandao haukuonekana hata mmoja. Badala yake ikatokea CD kwenye skrini, wakati hakuna aliyeweka CD yoyote. Ndani ya hiyo CD kuna faili la kusakinisha la Windows. lsusb ikasema 0bda:1a2b.

Huu ni ujanja wa siku nyingi, modemu za bando zilikuwa nao pia. Kidude kikichomekwa kinajitambulisha kwamba ni kiendeshi cha CD, ili mtu wa Windows apate draiva bila kutafuta CD wala intaneti. Draiva ikishaingia, inakipa kidude ishara kigeuke kiwe adapta ya WiFi. Kwenye Linux yangu hiyo ishara haikutumwa mpaka niitume mwenyewe. Njia rahisi ni kubofya ile CD kitufe cha kulia na kuiamuru itoke. Kinajizima, kinarudi na namba mpya, 0bda:b711, na sasa ni RTL8188GU. Hapo WiFi inafanya kazi vizuri tu. Ila umeme ukikatika na kurudi, na hapa unakatika, kinaamka tena kikiwa CD. Mimi niliandika kanuni ya udev, yaani maagizo ya kuiambia Linux ifanye nini ikikiona kidude fulani, iitoe CD yenyewe kila mashine inapowaka. Mama mwenye duka la dawa jirani yangu, aliyenunua adapta kama hii kwa ajili ya kompyuta yake ya mapokezi, hawezi kuandika kanuni ya udev, na hapaswi kulazimika.

Kwa hiyo, kwa maboksi mawili yasiyo na tofauti hata ya rangi, nilinunua chipu mbili tofauti zenye tabia tofauti. Ndiyo maana ukisoma maoni ya watu kuhusu bidhaa hii mmoja anaapa inafanya kazi na mwingine anaapa ni takataka. Wote wawili wanasema kweli.

Kwenye mashine yangu iliyobaki na Mint 21, kerneli 5.15, hazikufanya kazi zote mbili. Nikasema ngoja nimheshimu yule pengwini wa kwenye boksi, nikaingiza ile CD ndogo. Kweli lipo folda limeandikwa Linux. Ndani kuna zipu, na maelezo yanayosema inafaa kerneli 2.6.18 hadi 4.4. Nikaifungua, nikaandika make, amri ya kuijenga draiva kutoka kwenye msimbo wake, ikachapa mistari kidogo ikagoma kwenye init_timer. Hicho ni kipande cha ndani ya kerneli kilichoondolewa kwenye toleo 4.15, mwanzoni mwa 2018. Yaani boksi liko rafuni leo, na draiva iliyomo iliandikwa kwa ajili ya kerneli iliyokuwepo kabla hiki kipande hakijafutwa. Wapo watu wanaochukua zipu hizi na kuzikarabati kwa hiari yao, unazisakinisha kwa zana iitwayo DKMS na zinajijenga upya kila kerneli inapobadilika, hadi siku zinapogoma. Kwa mashine ya nyumbani sawa. Kwa mashine ambayo mteja anakaa saa nne asubuhi na dirisha la maombi linafungwa usiku, sitaki. Baadaye niliipandisha kwenda Mint 22 nikamaliza.

Kasi, kwa kifupi. Ile 300Mbps ya kwenye boksi isahau. Chipu hizi zina njia moja ya antena, na mwisho wake kwa kiwango cha 802.11n ni 150, tena ukiwa na chaneli pana. Kwenye chaneli ya kawaida ni 72. Zinashika GHz 2.4 tu. Kujaza fomu na kufungua barua pepe zinatosha kabisa, ila kuvuka ukuta wa tofali la saruji zinahema.

Sasa lile swali. Siku nahangaika na ile ya pili, kijana mmoja wa mwaka wa pili anayesoma TEHAMA alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri ripoti yake. "Dada, si mnasema Linux ni programu huria? Mtu yeyote anaruhusiwa kuandika. Sasa draiva ya kitu cha elfu kumi na mbili inawashinda nini?"

Nikamuuliza, angepewa yeye hiyo kazi angeanzia wapi. Akasema angesoma maelezo ya kiufundi ya chipu. Yapi? Akasema basi angeiandikia kampuni. Ipi? Tukaligeuza boksi pande zote sita. Akanyamaza, akaliweka chini.

Realtek hawauzi adapta, wanauza chipu. Kiwanda kingine kinanunua chipu kwa maelfu, kinaitia kwenye ganda, mwingine anachapa boksi, mwingine anasafirisha. Realtek wanakipa kiwanda msimbo wa draiva kiweke kwenye CD, basi, mlango umefungwa. Anayetaka kuiandikia Linux draiva safi anabaki na njia mbili. Aidha asikilize mazungumzo ya USB kati ya Windows na kidude, baiti kwa baiti, akisie kila moja inamaanisha nini. Au asome ule msimbo wa kiwandani, ambao una kurasa na kurasa za jozi za namba, anwani na thamani, bila neno la maelezo. Ni kumpikia mgeni asiyetaka kusema anakula nini: unapika, anaonja, anatikisa kichwa, unamwaga, unaanza upya.

"Si wauingize huo huo wa kiwandani?" kijana akauliza. Swali zuri. Linux ina sehemu moja ya pamoja inayoshughulikia sheria za WiFi, inaitwa mac80211, imo tangu 2007. Draiva iliyoandikwa vizuri inaitegemea hiyo na yenyewe inashughulika na chipu yake tu. Msimbo wa kiwandani unakuja na sheria zake zote za WiFi tumboni, kwa sababu umeandikwa utumike kwenye mifumo mingi kwa mpigo. Ukiuingiza ulivyo, kosa la kiusalama likipatikana kwenye sheria za WiFi itabidi lirekebishwe sehemu ya pamoja, halafu tena ndani ya kila kimoja cha hivi vidude. Wasimamizi wa kerneli wanakataa, na mimi ningekuwa wao ningekataa.

Mfano hai ni RTL8188EU, chipu iliyokuwa ndani ya vidude vingi vya ukubwa wa ukucha. Msimbo wake wa kiwandani ulipokelewa mwaka 2013, lakini kwenye eneo la pembeni liitwalo staging, ambako huwekwa vitu visivyokidhi ubora. Watu wakausafisha mwaka baada ya mwaka. Ulifutwa mwaka 2023, baada ya rtl8xxxu, ambayo Jes Sorensen alikuwa ameianzisha na ikaingia kwenye kerneli mwaka 2015, hatimaye kuijua chipu hiyo. Miaka kumi, kwa kitu ambacho bei yake ni sawa na chipsi kuku mbili.

Na ukimaliza, kilichokuwa dukani kimeshabadilika. TP-Link TL-WN722N ndiyo mfano ambao kila fundi wa Linux anaujua. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, iliyokuwa inakubali Linux bila maneno. Famuwea yake, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe, ilitolewa huria mwaka 2013. Toleo la pili likaja na jina lile lile na RTL8188EUS ndani. Aliyefuata ushauri wa rafiki akanunua "722N" alirudi nyumbani na kitu kingine kabisa. Zamani zaidi Linksys walifanya hivyo na ruta ya WRT54G, ambayo ndiyo iliyozaa OpenWrt, mfumo wa Linux wa kuwekwa kwenye ruta: toleo la 5, mwaka 2005, lilipunguziwa flashi (hifadhi ya kudumu) kutoka MB 4 hadi 2 na RAM kutoka 16 hadi 8, Linux ikatolewa, jina likabaki. Waliopiga kelele wakaletewa WRT54GL, yenye kumbukumbu ya zamani na bei yake.

Hata chipu ikibaki ile ile mambo hayajaisha. Nilipofungua folda la famuwea kutafuta ya ile RTL8188GU nilikuta mafaili mawili, moja linaishia SMIC, jingine UMC. Hivyo ni viwanda viwili vinavyochonga chipu hiyo hiyo moja. Draiva inalazimika kuiuliza chipu imezaliwa wapi kabla ya kuipakia famuwea. Fikiria mtu anayeandika hii akiwa na kidude kimoja mezani, kimetoka kiwanda kimoja. Atajuaje cha pili kipo, mpaka mtu fulani Moshi alalamike?

Kuna faili ndani ya kerneli ambalo nalipendekeza kwa yeyote mwenye dharau na hawa watu. Linaitwa touchscreen_dmi.c. Ni orodha ndefu ya tabiti za bei nafuu za Windows zenye prosesa ya Intel Atom, zile zilizoingia sana miaka kumi iliyopita, na kwa kila moja vipimo vya kioo chake cha kugusa, kwa sababu watengenezaji hawakuviandika mahali popote mfumo unapoweza kuvisoma. Nyingi zimewekwa na Hans de Goede, aliyefanya kazi Red Hat kwa miaka mingi na kuzikusanya tabiti hizi kwa mapenzi yake. Sasa draiva itajuaje iko kwenye tabiti ipi? Inasoma jina la mtengenezaji kwenye BIOS, ile programu inayoiamsha mashine. Na BIOS za vitu hivi mara nyingi zinasema "Default string", au "To be filled by O.E.M.", maana yake kiwanda hakikujisumbua kujaza. Tabiti za viwanda tofauti zikawa na jina moja, yaani hazina jina. Mwishoni ikabidi zitambuliwe kwa tarehe ya BIOS. Mtu mzima, mtaalamu, anatofautisha kompyuta mbili kwa tarehe.

Bluetooth ni hivyo hivyo. Vile vidude vidogo vya Bluetooth vinavyojitambulisha 0a12:0001, kwamba ni chipu ya kampuni ya CSR, vingi ni vya bandia. Vinadai vinajua amri ambazo havizijui, ukivipa vinaganda. Linux imelazimika kuwa na sehemu ya kuvinusa, na ikivishtukia inaandika kwenye logi kwamba imekuta CSR isiyo na jina na inavitafutia njia ya kuzunguka. Anayeandika hiyo sehemu halipwi na CSR wala na aliyeghushi. Anapata malalamiko ya wote wawili.

Kuhusu malipo: wengi wanaoandika kerneli siku hizi wanalipwa mshahara, lakini na kampuni zenye seva, simu, magari. Nani ana biashara inayosimama kwa sababu kidude cha 12,000 kimegoma? Mimi hapa, na jirani wa duka la dawa. Utaona mfuatano wake kwenye rtw88, draiva ambayo Realtek wenyewe waliileta kwenye kerneli mwaka 2019, na hapo nawapongeza, wamebadilika. Ilianza na chipu za PCIe, zilizo ndani ya laptopu. Za USB hazikuwemo. Ziliongezwa kwenye kerneli 6.2 na Sascha Hauer, wa kampuni ya Kijerumani ya Pengutronix. Mtu wa nje.

Na ambaye halipwi anachoka, au anazeeka. Larry Finger ndiye aliyebeba draiva nyingi za Realtek kwenye Linux, baada ya kuanza na za Broadcom ambazo nazo hazikuwa na maelezo. Ana zaidi ya marekebisho elfu moja kwenye kerneli, na alikuwa akiwajibu watu wenye adapta za ajabu ajabu hadi uzeeni. Alifariki Juni 2024, akiwa na miaka 84. Nilipomwambia kijana hivyo akauliza nani kachukua nafasi yake, akidhani ipo ofisi.

Kuna jambo watu hawalihesabu, kwamba draiva ikiingia kwenye kerneli haijaisha, imezaliwa. Kerneli inabadilika ndani kila baada ya wiki tisa au kumi, na kila kitu kilichomo kinapaswa kubadilishwa pamoja nayo. Aliyeipokea draiva yako ameipokea na gharama zake za miaka yote, na kama hana kidude cha kujaribia, anabadilisha akiwa amefumba macho. OpenWrt walifikia mahali wakasema basi: ruta zenye flashi ya MB 4 au RAM ya MB 32 waliziacha baada ya toleo la 19.07, kwa sababu mfumo wa sasa hauenei humo. Mteja aliniletea ruta ya namna hiyo akitaka niifufue. Nilimrudishia. Alinuna, lakini hakuna mtu atakayekata vitu vya maana kwenye mfumo mzima ili ruta moja iendelee.

Msiniletee ile "rahisi ni ghali", maana hapa haikai. Nilirudi kwa Mangi nikaona adapta nyingine, yenye antena ya kusimama, bei 18,000. Nayo ni ya Kichina, nayo haina jina, boksi baya vile vile. Nikamwomba aichomeke kwenye kompyuta yake ya kaunta, ambayo ina Windows. Huko nako namba inaonekana: unaingia Device Manager, unafungua sifa za kifaa, unatafuta Hardware Ids, unasoma VID na PID, yaani namba ya kampuni na namba ya kifaa. Ikasoma 148F na 7601. Hiyo ni MediaTek MT7601U. Draiva yake aliiandika Jakub Kicinski, ikaingia kwenye kerneli 4.2 mwaka 2015, na hii niliyoiona haikujificha nyuma ya CD. Tofauti ya 6,000 na nimeijaribu Mint 21 na Mint 22, zote zimeikubali bila mimi kugusa terminali. Kasoro zake: GHz 2.4 tu, na kwenye Linux haiwezi kugeuzwa hotspoti, draiva haina uwezo huo. Kwa kazi ya steshenari naipa nyota nne.

"Mangi, hii nyingine naomba unibadilishie," nikamwambia, nikimwonyesha ile ya CD.

"Dada, boksi umeshafungua."

"Boksi limeandikwa Linux. Nimekuja na mashine, nikuonyeshe?"

Hakutaka kuonyeshwa. Aliichukua, nikaongeza 6,000, akanipa yenye antena, na akaniuliza hizo namba zinasomwaje. Nilimwandikia nyuma ya boksi la bluu. Wiki iliyofuata nilikuta amezitenga rafu mbili, "za Windows" na "za zote", kwa kalamu ya maka. Hiyo ndiyo nyota ya muuzaji niliyoisema juu. Ile nyingine ni ya RTL8188FTV, ambayo hadi leo inafanya kazi kwenye mashine ya karibu na mlango.

Kwa mnaokwenda: anafungua saa mbili na nusu asubuhi, Jumapili hafungui. Zenye antena zimekuja na boksi jipya la kijani, kwa hiyo msizitafute kwa rangi, mwambieni achomeke. La juu kabisa kwenye rafu nililichomeka mwenyewe juzi, bado ni 148F na 7601, na bei imepanda hadi 20,000. Ukimbembeleza anashuka.